Hahndorf: Kijiji Kilichobebwa Mgongoni

Dorf kwa Kijerumani ni kijiji. Hahn alikuwa nahodha. Huko Australia Kusini, wakulima walikipa kijiji chao jina la nahodha aliyewaleta, jambo linaloonesha walivyomthamini.

Wakulima hao walikuwa Walutheri kutoka Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo. Mfalme Friedrich Wilhelm III alikuwa ameyaunganisha makanisa ya Kiprotestanti na kuwalazimisha waumini watumie liturujia mpya, yaani utaratibu mpya wa ibada. Waliokataa walitozwa faini, na wachungaji wao wakafungwa. Agosti 1838 kundi lao liliondoka bandari ya Altona, karibu na Hamburg, kwa meli ya Zebra, likafika Port Adelaide tarehe 28 Desemba. Tajiri wa London, George Fife Angas, ndiye aliyewakopesha nauli, kwa hiyo walishuka wakiwa tayari wanadaiwa.

Nahodha wao, Dirk Hahn, angeweza kugeuza meli akaenda zake. Badala yake alipanda milimani pamoja na wawekezaji waliokuwa wamenunua eneo kubwa huko, akawaombea abiria wake ekari 100 za kuanzia, mwaka wa kwanza bila kodi. Machi 1839 familia 38 zilihamia. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji, Waperamangk, walioiita Bukartilla. Katika mapatano yale, wao hawakuulizwa.

Nyumba za walowezi hao zisingemshangaza mtu wa kwetu: fremu za miti ya mkaratusi, kuta zikakandikwa udongo, juu nyasi.

Vitabu vingi husifu jembe la mwanamume. Kwa maoni yangu, kilichokiinua kijiji ni miguu ya wanawake. Adelaide ulikuwa mji wa miaka michache tu, chakula kikiletwa kwa meli na bei ikiwa juu. Akina mama na mabinti walibeba mboga, siagi na mayai, wakatoka usiku wa manane, wakateremka zaidi ya kilomita 25 ili wawahi soko la asubuhi. Walitembea peku. Karibu na mji walisimama kijitoni, wakanawa miguu, ndipo wakavaa soksi na viatu walivyokuwa wamevibeba njia nzima; viatu vilikuwa ghali, havikuwa vya kuchakazwa mlimani.

Fedha za mboga zililipa madeni, na baadaye zikanunua mashamba. Njia yao ipo hadi leo, na watu huitembea kwa kumbukumbu. Inasimuliwa kuwa wakati wa kurudi, kila mmoja alipandisha mlima na matofali mawili ya kujengea kanisa.