Mgeni Si Lazima Awe Mvamizi: Dhana Potofu Darasani Kuhusu Spishi Vamizi

Walimu wengi wa sayansi, nami nikiwamo, tulianza kufundisha mada ya spishi vamizi, yaani aina za viumbe zinazoingia mahali papya na kuyadhuru mazingira ya hapo, kwa kuandika orodha ubaoni: gugu maji, gugu karoti, mathenge (mti wa miiba), kunguru, sangara. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huzitaja zote bila kukosea. Lakini ukiwauliza kwa nini mahindi, yaliyotoka Amerika kama lilivyotoka gugu maji, hayamo katika orodha hiyo, darasa zima hunyamaza. Ukimya huo unaonyesha kwamba tumefundisha majina tukaacha mahusiano kati ya viumbe, na dhana potofu zinazofuata hapa nimezisikia mara nyingi, nyingine kutoka kwa wanafunzi na nyingine kutoka kwa walimu wenzangu.

Dhana: Kila kiumbe cha kigeni ni vamizi.

Mahindi, maharage na mihogo asili yake ni Amerika, na vimelimwa Afrika Mashariki kwa vizazi vingi bila kuingia msituni na kuiondoa miti ya huko. Mahindi yasipopandwa na kupaliliwa hupotea yenyewe. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa linalochunguza hali ya viumbe na mazingira, ilihesabu zaidi ya spishi 37,000 zilizohamishwa na binadamu na kustawi ugenini, na kati ya hizo ni zaidi kidogo ya 3,500 tu zilizothibitika kuleta madhara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo wageni wa namna hiyo hata katika mimea. Neno vamizi lenyewe linatokana na kitendo cha kuvamia, wala halisemi lolote kuhusu ugeni peke yake. Ndiyo maana huwataka wanafunzi wasiishie kuuliza kiumbe kimetoka wapi, bali waulize pia kinafanya nini hapa, na ni nani aliyekuwa akikizuia huko kilikotoka.

Dhana: Kiumbe cha nchi yetu wenyewe hakiwezi kutuvamia.

Mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii ni mti wa asili wa misitu ya Uganda na ya mkoa wa Kagera, hapa Tanzania. Ulipopandwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, ulitoka mashambani ukaingia katika nafasi zilizoachwa wazi na ukataji wa miti, huku ndege kama hondohondo wakimeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Misitu hiyo ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Kutoka Kagera hadi Tanga hakuna mpaka wa nchi, lakini mti huu ulivuka mpaka wa mazingira uliyoyazoea, na kwa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe na mahusiano yao, huo ndio mpaka wenye maana.

Dhana: Chenye faida hakiwezi kuitwa vamizi.

Hapa ndipo mwalimu wa Kanda ya Ziwa anapopata kazi ngumu kuliko zote. Mwanafunzi mmoja aliyekulia kisiwani aliwahi kuniuliza iwapo nina maana kwamba baba yake, aliyemsomesha kwa fedha za sangara, anafanya kazi mbaya. Nilimjibu kwamba sivyo, na kipindi kizima kilichobaki tulikitumia kwa swali lake.

Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuongeza mavuno ya uvuvi, na kwa kipimo hicho alifanikiwa: viwanda vya minofu vilijengwa, na samaki wakauzwa hadi Ulaya. Lakini ziwa lile lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo ambao karibu wote hawapatikani popote pengine. Kulikuwa na furu waliokula mwani, waliokula konokono na waliokula mayai ya samaki wenzao, kila kundi na umbo lake la taya na meno. Sangara, anayeweza kufikia urefu wa meta 2, alikuta mawindo ambayo hayakuwahi kuishi na mwindaji wa ukubwa huo. Katika miaka ya 1980 furu walipungua ghafla, na inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka.

Mwalimu mkweli hamtwishi sangara lawama zote. Mbolea, maji machafu na udongo kutoka nchi kavu vililitia ziwa rutuba ya kupita kiasi na kuyafanya maji kuwa mazito, na furu jike humchagua dume kwa rangi zake. Maji yakiwa ya tope rangi hazionekani vizuri, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Athari nyingine ilifika hadi nchi kavu. Furu alianikwa juani akakauka, ilhali sangara ana mafuta mengi na huhitaji moshi, na moshi huhitaji kuni. Mwanafunzi akiufuata mnyororo huo kutoka taya la sangara hadi kisiki cha mti kandokando ya ziwa, ameelewa bioanuwai ni nini. Na hata sato anayependwa mezani aliletwa Ziwa Victoria katika miaka hiyo ya 1950, jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka.

Dhana: Spishi mpya ikiingia, bioanuwai imeongezeka.

Kwa hesabu ya siku ya kwanza, ndiyo. Baada ya miaka, hesabu hubadilika. Mathenge ilipandwa Baringo, Kenya, katika miaka ya 1980 ili kutoa kuni na malisho na kuzuia ardhi kugeuka jangwa, kisha ikasonga hadi nyasi za malisho zikakosa nafasi chini ya vichaka vya miiba. Maganda yake yenye sukari huharibu meno ya mbuzi, na katika kesi ambayo wakazi waliifungua mwaka 2006 dhidi ya serikali, mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani kama kielelezo.

Dhana: Tukiling'oa gugu, tumelimaliza.

Kata kwa kisu bua la gugu maji lililovimba, uwaonyeshe wanafunzi mfano wa sifongo uliojaa hewa. Hicho ndicho kinacholifanya lielee. Kisha waonyeshe kikonyo kinachounganisha mmea mama na mmea mtoto, ambao ukikatika huanza maisha yake peke yake. Mbegu nazo huzama topeni na kungoja kwa miaka mingi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 fukusi wa jamii ya Neochetina waliachiwa Ziwa Victoria, na gugu likapungua sana, wakisaidiwa na mvua za El Niño. Baadaye likarudi mahali pengi. Wapo wanaohofu kwamba fukusi nao watavamia mazao, lakini wadudu wa aina hii hupimwa kwanza kuhakikisha kwamba chakula chao ni mmea huo tu, kipimo ambacho sangara hakufanyiwa.

Kwa gugu karoti, linaloonekana sana Arusha na maeneo jirani, ningependa kila mwalimu awe mwangalifu zaidi kabla ya kuwatoa watoto nje kung'oa kwa vitendo. Mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu, na ukigusa ngozi huleta muwasho na mzio. Kazi ifanywe kabla haujatoa maua, kwa glavu na mikono mirefu, na kabla ya kuondoka wanafunzi wakung'ute viatu na pindo za nguo pale pale walipokuwa waking'oa.