1318 si miaka mia saba

Juzi kijana mmoja kaniletea msahafu wa marehemu nyanya yake, umefungwa kwa leso. Akafunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole. "Maalim, 1318. Miaka mia saba hii! Utanipa ngapi?"

Huyo ni wa tatu mwaka huu, na nimechoka. Hiyo ni Hijria, jamani. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo, ni mfupi kwa siku kama 11, na hesabu yake inaanzia 622. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Inatoka 1900, reli ya kutoka Mombasa ikiwa bado inajengwa. Kwa hilo, basi.

Linalonikera zaidi ni wale wanaojua hesabu hiyo halafu wanaiamini tarehe kama hati ya kiapo. Kwanza, sifuri ya tarakimu za Kiarabu ni nukta tu. Kinyesi cha nzi penye 131 kinakupa 1310. Nukta ikifutika, 1310 inabaki 131. Mbili na tatu nazo hutofautiana kwa jino moja dogo, na mkono wenye haraka hulimeza. Pili, mnakili wa zamani alinakili kila kitu mpaka tamati, yale maneno ya kufungia kitabu, na pengine tarehe ya mwenzake ikaja nayo. Hapo unashika karatasi changa yenye tarehe kongwe, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Ndiyo maana naanza na karatasi. Inua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona ndani ya karatasi alama ya hilali tatu zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo, hiyo ni karatasi ya Italia iliyotengenezwa kwa masoko ya nchi za Kiislamu, na pwani yetu iliitumia sana. Lakini hilali hizo zilitengenezwa kwa muda mrefu mno. Zenyewe hazinipi mwaka, na anayekutajia mwaka kwa hilali peke yake anabahatisha.

Msahafu wa kijana haukuwa na hilali. Wala haukuandikwa kwa mkono, ingawa angeapa. Ni chapa ya mawe ya Bombay: katibu aliandika kwa kalamu yake, mwandiko ukahamishwa juu ya jiwe, nakala zikatoka. Mwandiko ni wa mtu kweli, ndiyo maana jicho linadanganyika. Tazama wino. Kalamu ya tete ikitoka kuchovywa huandika weusi mzito, kisha maneno yanafifia hadi ichovywe tena. Kwenye chapa, weusi ni ule ule kutoka Alhamdu hadi Annas. Usiku, chini ya taa, nimewahi kukosea mara mbili. Tena chapa hizi zilirudiwa na tarehe ile ile, kwa hiyo hata ile 1900 siwezi kumwapia.

Ila ndani ya jalada kulikuwa na wino wa kalamu hasa: majina ya watoto, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kila jina na mwaka wake. Nikamsomea. Alipolisikia jina la nyanya yake akanyamaza. Mbele yake pameandikwa 1351. Akapiga hesabu mwenyewe kwenye simu, ikatoka 1932. Kitambulisho cha bibi, akaniambia, kilisema 1940.