Maziwa, Matufaha na Mapinduzi
Wasomaji wengi hapa Nairobi, ambako tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ilichapishwa mwaka 1967, hushikilia kwamba hadithi hiyo ya mwandishi Mwingereza George Orwell, ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba kisha wakaongozwa na nguruwe, inafundisha kuwa mapinduzi yote ni kazi bure. Sivyo. Orwell, msoshalisti aliyepigana vitani Uhispania, alieleza katika barua ya mwaka 1946 kuwa hadithi inageukia pale nguruwe wanapojitwalia maziwa na matufaha. Ndoo tano za maziwa yenye povu zinatoweka, matufaha nayo yanafuata, na wanyama wanaponung'unika wanaambiwa kwamba nguruwe, wenye kazi ya kufikiri, hula kwa faida ya wote, nao wananyamaza. Kosa, naamini kwa dhati, limo katika kunyamaza huko, wala si katika kumfukuza Bwana Jones, mwenye shamba.