Kukalibreti lenzi maana yake nini hasa

Mara ya mwisho kulisikia neno hili ilikuwa kwa kijana aliyeniletea kamera yake ya filamu niitazame. "Kaka, hii nimeshaikalibreti mwenyewe nyumbani," akaniambia. Nilipomwuliza ameikalibreti namna gani, alieleza kwamba alitazama mnara wa simu ulio mbali kupitia dirisha la kamera, akaona picha mbili hazikutani, akachukua bisibisi ya fundi saa na kuzungusha skrubu ya mbele mpaka zikakutana. Kazi aliyoifanya ni halali na huenda ilihitajika. Jina alilolipa kazi hiyo ndilo lisilo lake, na kwa kuwa nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi mno, hata na watu wanaouza lenzi kuukuu kwa bei ya lenzi mpya, nimeona nilieleze.

Kukalibreti ni kulinganisha kile kinachosemwa na kifaa na kile kinachosemwa na kipimo cha kuaminika, kisha kuiandika tofauti iliyopo. Maana yake inaishia hapo.

Kwa kamera za renjifainda jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu jicho la mpigapicha halipiti ndani ya lenzi. Kamera hukitazama kitu kwa madirisha mawili yaliyoachana, hupima umbali kwa pembe iliyopo kati ya mitazamo hiyo miwili, na hupata habari za lenzi kupitia mkono mdogo unaogusa nyuma ya lenzi na kufuata mwendo wake. Leica walianza kuuweka mtambo huo ndani ya kamera zao mwaka 1932, katika Leica II, na mantiki yake haijabadilika tangu hapo: picha mbili zikilala moja juu ya nyingine katikati ya dirisha, kamera inakuambia kwamba lenzi imelenga pale. Kama kweli imelenga pale, hilo kamera yenyewe haina njia ya kulijua.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana wengi wanadhani ni mgeni aliyeshuka jana kutoka Ulaya. Kalibresheni imetoka kwenye Kiingereza, Kiingereza kililipata shina lake, kalibri, kutoka Kifaransa, na wanaisimu wengi wanalifuatilia shina hilo hadi kwenye Kiarabu, katika neno qālib, lenye maana ya umbo la kumiminia kitu ili kitoke kwa ukubwa uliokusudiwa. Neno hilohilo la Kiarabu tunalo sisi siku nyingi bila msaada wa Mzungu: ni kalibu, chombo ambacho mhunzi humiminia ndani yake madini ya risasi au shaba iliyoyeyushwa. Kwa hiyo anayesema "kukalibreti" anatamka neno lililozunguka bahari nzima na kurudi nyumbani likiwa limevaa koti. Hata ile kalipa ya fundi mitambo, yenye taya mbili za kubana kitu na kukipima unene, ni mtoto wa ukoo huohuo, maana ilianza kama chombo cha kupimia upana wa mtutu wa bunduki na wa risasi yake.

Kalibu yenyewe haibadiliki kwa ajili ya risasi ya bunduki inayotoka ndani yake. Mhunzi huitazama risasi kwa kuilinganisha na kalibu, na ikiwa kubwa mno ataichonga risasi. Wazo la kipimo kinachotulia, ambacho vitu vingine vinaletwa mbele yake, limo ndani ya neno tangu asili, na ndilo linalopotea pale mtu anapozungusha skrubu na kusema amekalibreti. Shirika la Viwango Tanzania, linapozungumzia kazi ya kulinganisha vifaa vya kupimia vya viwandani na maabara, hutumia neno ugezi, na ndani yake nasikia kitenzi cha zamani, kugeza, yaani kuiga au kufuatisha. Ni neno zuri kuliko hili tulilolikopa, na ningelitumia kila siku kama wapigapicha wangenielewa. Wataalamu wa vipimo wa kimataifa nao, katika msamiati wao rasmi, wanaonya waziwazi kwamba kukalibreti kusichanganywe na kurekebisha. Kurekebisha ni kitendo kinachoweza kufuata baadaye, au kisifuate kabisa.

Ugomvi wangu na kijana yule uko hapo. Yeye hakuwa na kalibu. Alilazimisha dirisha la kamera likubaliane na alama ya mbali kabisa kwenye lenzi moja, bila kujua kama lenzi hiyo inasema kweli. Mtambo wa kupima umbali ni wa kamera, nao unatumikia lenzi zote utakazofunga. Ukiupinda ili upatane na lenzi moja iliyokosea, lenzi zako nyingine zote zilizokuwa sahihi zitaanza kusema uongo siku hiyohiyo. Nalijua hili kwa sababu nilishawahi kulifanya, na nilipoteza filamu mbili za harusi ya binamu yangu kabla ya kuelewa kwa nini masikio ya watu yalikuwa makali kuliko macho yao.

Kipimo cha kuaminika kinapatikana nyumbani, nacho ni mahali ambapo filamu inakaa. Fungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, bandika selotepu ile isiyong'aa juu ya reli mbili za ndani zinazobeba filamu, na uivute ikae bapa bila mkunjo. Weka shata kwenye B, alama inayoiacha wazi muda wote unaobonyeza, na uishikilie wazi kwa kebo ya kubonyezea, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kisha tazama picha inayoanguka kwenye selotepu kwa kikuzio. Itaonekana juu chini, hafifu, yenye chembechembe, lakini haina sababu ya kukudanganya. Mbele ya kamera, mita moja kamili kutoka kwenye filamu, mimi hupanga vibiriti vitano mshazari juu ya meza, kila kimoja kikiwa sentimita mbili nyuma ya mwenzake, na kupitia dirisha la kamera nalenga maandishi ya kibiriti cha katikati. Kisha nageuka nyuma na kuangalia ni kibiriti kipi hasa ambacho maandishi yake yanasomeka kwenye selotepu. Kama ni cha nne, lenzi imelenga sentimita mbili nyuma ya pale kamera inapodai. Narudia mara kadhaa, kwa sababu mkono na jicho navyo vina makosa yao, halafu naandika.

Ukubwa wa makosa yenyewe unashangaza. Lenzi ya milimita 50 (huo ni urefu wake wa fokasi, si urefu wa umbo lake) husogea mbele kama milimita 2.6 tu kutoka kulenga mbali kabisa hadi kulenga mita moja. Ndani ya mwendo huo mfupi, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita linahamisha mahali pa ukali kwa zaidi ya sentimita tatu na nusu kule mbele. Kwa tundu la f/1.5, yaani lililo wazi sana, eneo lote lenye ukali kwa umbali huo ni kama sentimita tatu na nusu, nusu yake mbele na nusu nyuma. Ndiyo maana mnara wa simu hautoshi kuwa ushahidi: lenzi inaweza kukubaliana na kamera kule mbali, ikaachana nayo uso kwa uso.

Mfano unaojulikana sana ni lenzi za Kisovieti zenye skrubu ya milimita 39, kama Jupiter-3, zinapofungwa kwenye kamera za Leica. Zinaingia bila shida. Lakini mtambo wa Leica umekadiriwa kwa lenzi ambayo urefu wake halisi wa fokasi ni milimita 51.6, wakati lenzi hizo zilirithi hesabu za Sonnar, lenzi ya kampuni ya Zeiss, ambayo ni ndefu kidogo, karibu milimita 52.4. Zikipatana na kamera kule mbali, kwa mita moja zitalenga nyuma kwa takriban sentimita tatu. Fundi anaweza kuongeza washa nyembamba (kipete cha chuma) ndani ili kuisogeza mbele sehemu ya vioo, na kule karibu kukatengemaa, lakini hapo kule mbali kunalegea. Washa peke yake haiwezi kuzipatanisha ncha zote mbili, kwa sababu tofauti imo kwenye urefu wa fokasi wa lenzi yenyewe.

Kwa lugha ya yule kijana, lenzi kama hiyo "haikalibretiki". Kwa lugha ninayoitetea, yangu nilishaikalibreti kitambo, na sijaigusa kwa bisibisi hata mara moja. Kwenye kifuniko chake cha nyuma nimebandika kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: mita moja, nyuma sentimita tatu; mita moja na nusu, nyuma sentimita nne; mita tatu na kuendelea, usijali. Nikimpiga mtu picha kwa karibu, nalenga jicho lake, naurudisha mwili nyuma kiasi cha upana wa vidole viwili, kisha nabonyeza.

Kijana nilimrudishia kamera yake pamoja na vibiriti vitano na selotepu, nikamwomba kwamba safari ijayo aseme ameirekebisha, na neno lile lingine alitumie atakapokuja na karatasi.