Kuonesha kitambulisho si kukiacha

Juzi Kariakoo, Dar es Salaam, nilinunua karanga za mia tano. Karatasi iliyozifunga ilikuwa nakala ya kitambulisho cha taifa: picha ya mwanamke, jina lake, na namba yote ya NIDA, yaani ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Nakala ilitoka imepinda kwenye mashine, mwenye steshenari akaiweka kando, muuza karanga akaichukua na rundo zima. Nimeichana, lakini sijui zimechapwa ngapi kama hiyo.

Naanza na hilo kwa sababu malalamiko tunayopokea ofisini kwetu siku hizi yanakwenda upande mmoja. Wananchi wanauliza Serikali inataka namba zao za nini, vyeti vya afya vya nini, na kama mtu huru analazimika kuvionesha. Swali ni halali. Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ibara ya 30 inasema haki hizo zisitumike kuvunja haki za wengine au kuharibu maslahi ya umma. Anayesoma ibara moja na kuiruka nyingine anapotoka, awe mwananchi au afisa mwenye muhuri.

Chukua cheti cha afya cha mpishi. Mama lishe wa Feri hupimwa kila baada ya miezi sita, na wengi huona ni usumbufu wa kuwatoa hela. Hapana. Mtu anaweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo akiwa mzima wa sura, anacheka na wateja, na sahani zake zikalaza watu mtaa mzima. Hapo uhuru wake umekutana na tumbo la mwenzake. Lakini mkaguzi anachohitaji kuona ni kwamba amepimwa lini na anafaa kushika chakula, basi. Majibu ya maabara ni yake na daktari wake. Afisa anayeyasoma kwa sauti mbele ya wateja, au kuyapiga picha na kuyarusha kwenye kundi la WhatsApp, amevuka mpaka. Vilevile mwajiri anayekuambia ulete majibu ya VVU ndipo akupe kazi anakwenda kinyume na Sheria ya UKIMWI ya 2008.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nayo ina maneno mengi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa, na kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukiambiwa kimeisha muda kwa kuwa kina miaka 10, usitoe hela. Na usinunue kadi ya mtaani kwa kuwa safari ni kesho. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai, adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba, na kuitumia ukijua imeghushiwa ni kosa pia.

Sasa niseme wazi jambo linalotuchosha. Mtu anakuja ofisini kulalamika kwamba anafuatiliwa, kumbe asubuhi ametuma picha ya kitambulisho chake, mbele na nyuma, kwa dalali wa chumba ambaye hajawahi kumwona. Mwingine amesajili laini chini ya mwavuli, kijana akamwambia kidole hakijasoma, weka tena, akaweka mara nne, bila kujua kama kila mara haikusajiliwa laini nyingine kwa namba yake. Piga *106# kwa kila mtandao unaotumia uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafungwe. Meseji za utapeli zipeleke 15040.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawabana wanaokusanya taarifa: wakusanye kwa lengo linalojulikana, zile zinazohitajika tu, wasikae nazo kupita mahitaji, na wazilinde. Inahusu ofisi ya umma na ya binafsi, kuanzia benki hadi hospitali. Taarifa za afya na alama za vidole ni taarifa nyeti, ulinzi wake ni mkali zaidi. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, faini yake haipungui shilingi 100,000 wala haizidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Mbali na hapo, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaweza kutoza faini yake ya hadi shilingi milioni 100, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia.

Ukiona umekosewa, anza kwa aliyekusanya taarifa. Mwandikie, taja taarifa gani, ulimpa lini, na unataka nini: arekebishe, afute, au aache kuzitumia. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usipopata jibu la maana, peleka lalamiko kwa Tume ukiambatanisha nakala hiyo. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90, na Tume inaweza kuongeza siku nyingine zisizozidi 90. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama Kuu. Kupiga simu redioni hakuhesabiki kuwa lalamiko, na siku hazianzi kuhesabiwa.

Na ukienda steshenari, simama palepale kwenye mashine. Nakala iliyopinda iombe uondoke nayo. Kama ulituma picha kwenye simu ya mhudumu ili akuchapie, mwombe aifute mbele yako, kwenye simu na kwenye kompyuta, kabla hujalipa.