Hadithi yako ya kwanza: anza na anayetaka kitu leo

Kazi yangu ni kuhariri hadithi, na miswada mingi ya waandishi wapya inayonifikia hapa Mwanza huanza na kuzaliwa kwa mhusika. Ukurasa wa kwanza amezaliwa Sengerema, wa pili yuko darasa la saba, wa nne ameshahamia Igogo, na bado hajataka kitu chochote. Msomaji hafiki huko.

Tafuta mtu anayetaka jambo leo, na leo hiyohiyo kuna kinachomzuia. Chukua mama anayeanika dagaa Mwaloni. Ameitwa shuleni kwa mwanawe kabla ya saa sita, wingu linapanda kutoka ziwani, na dagaa hawajakauka. Wakinyeshewa, watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Aende au abaki? Hapo hadithi ipo, na hujataja hata kijiji alikozaliwa.

Sasa usiandike "mama alikuwa na wasiwasi". Mwache apenyeze vidole chini ya dagaa kupima unyevu, atazame wingu, apenyeze tena palepale. Kisha mlete mchuuzi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hawa wa leo ni wa kuku?"

Kijana ameamkia kwa adabu na papo hapo ameanza kushusha bei, ilhali pesa haijatajwa. Mazungumzo ndipo wengi wanapokwama: huwafanya wahusika waelezane mambo ambayo wote wawili wanayajua. Kata hayo yote, bila huruma.

Kama maneno yanakujia kwanza kwa Kisukuma au Kijita, yaandike hivyo hivyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980.

Uliza pia wenye kazi zao. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazivuti kitu, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Mdai akibisha hodi siku hizo, tayari una hadithi ya pili.

Kurasa tatu zinatosha. Mama akishaamua, andika anachofanya, uishie hapo. Sentensi ya kwanza usiiguse mpaka rasimu ifike mwisho.