Aberdare baada ya moto: tunayoambiana garini na yaliyoko mlimani

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya jiji la Nairobi, utatukuta, sisi kikundi cha wapanda milima tunaokwenda Aberdare, tumejipanga kando ya matatu tuliyoikodi. Mmoja anatafuna mandazi, mwingine anasinzia amesimama, wa tatu anauliza kama kuna aliyebeba sukari ya ziada kwa ajili ya chai. Tukishapita Flyover na kukata kona kuelekea Njabini, usingizi huisha na hadithi huanza. Ukiwa mwaka ambao moto umepita kule juu, kila mtu garini huwa mtaalamu wa moto. Mimi hutembea mwisho wa msafara ili asiachwe mtu, na garini pia hukaa kiti cha nyuma, kwa hiyo husikia yote. Mengi si kweli. Machache yanaweza kumvunja mtu mguu.

"Msitu umekufa"

Ukitazama picha za Februari 2022, moto ulipowaka kwenye nyanda za juu za Aberdare, au za Machi 2012 ulipowaka Mlima Kenya, ni rahisi kuamini hivyo. Weusi mpaka upeo wa macho. Lakini ukipanda kutoka Kinangop unapita tabaka kwa tabaka: mashamba ya viazi na kabeji, miti iliyopandwa, msitu wa asili, kisha mianzi na matope yake yasiyosahaulika, halafu hagenia zenye mashina yaliyopinda, na juu kabisa nyasi za mashungi na vichaka vya erika. Moto wetu mkubwa kwa kawaida hukimbia huko juu kabisa. Nyasi zimekauka, upepo haukomi, na erika huwaka hata ikiwa mbichi. Ndani ya msitu mnene wenye unyevu moto hupata shida kuingia, ingawa ukiingia hasara yake ni kubwa zaidi.

Na mimea ya huko juu haikuanza jana kuishi na moto. Erika ina kisiki kinene kilichofukiwa udongoni, na matawi yakiungua yote, kisiki hutoa machipukizi mapya. Nyasi za mashungi huficha kiini chake katikati ya majani yaliyosongamana. Mwanzi una shina linalotambaa chini ya ardhi. Mwerezi ndio wa ajabu zaidi: moto huua mti mzee, lakini miche yake hupenda ardhi iliyoachwa wazi, yenye jua. Hagenia nayo vivyo hivyo, miche yake haistawi kivulini.

Hapo ndipo huwa ninanyamaza, maana nikimaliza kueleza haya, mtu wa kiti cha mbele hurukia kosa la upande wa pili.

"Wiki tatu tu na kijani kimerudi, basi kumepona"

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wema waliopiga picha nzuri.

Kijani cha wiki tatu ni cha nyasi na kangaga. Podo haumo. Hagenia yenye shina la kukumbatiwa na watu wawili haitarudi katika umri wa yeyote aliyemo kwenye ile matatu. Hata erika inayochipua kutoka kisikini inatumia akiba yake. Moto ukirudi kabla haijajaza tena ghala lake, hudhoofika, na safari nyingine haichipui. Jirani zetu wa Kilimanjaro wameliona hili kwa miaka mingi. Moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na mahali palipokuwa na miti ya erika iliyofunikwa na kuvumwani pamebaki vichaka vifupi. Miti ile ilikuwa inachuja maji kutoka kwenye ukungu, tone kwa tone, kama kitambaa kilichoanikwa penye umande. Watu hulilia barafu ya kileleni, na ni haki yao, lakini watafiti wa mlima ule wanasema maji yaliyopotea pamoja na miti hiyo ni mengi kuliko ya barafu inayoyeyuka.

Sisi wa Nairobi tuna sababu ya kusikiliza. Sehemu kubwa ya maji ya mifereji yetu hutoka Aberdare, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, hili la pili likiwa na uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Mto unaoanzia kwenye kinamasi kule juu, ambao wewe unauruka kwa hatua moja ukicheka, ndio unaoosha vyombo vyako Kayole.

Kisha kuna kalenda yetu, ambayo ni katili. Moto huwaka zaidi kiangazi cha Januari hadi Machi. Masika huanza Machi hiyohiyo. Mteremko uliovuliwa nguo Februari unapigwa na mvua nzito Aprili, kabla mzizi wowote haujashika. Pale moto ulipokaa muda mrefu juu ya kichaka, huacha chini ya majivu tabaka linaloteleza kama lililopakwa nta, na maji badala ya kuzama huteremka juujuu. Sasa fikiria watu arobaini wenye viatu vya mpira wenye meno wakipita hapo Jumapili moja. Alama ya kiatu hugeuka mfereji mdogo, na kufikia Juni huo mfereji ni korongo.

"Moto umetusafishia njia"

Nimelisikia hili likisemwa kwa furaha kabisa, na mtu aliyelisema ndiye aliyetufundisha sote. Tulikuwa tunateremka Elephant Hill, kilele kimojawapo cha Aberdare, mgongo umechoka, na mbele yetu njia ilizunguka. Vichaka vya katikati vilikuwa vimeungua, kwa hiyo alikata moja kwa moja. Hatua ya nne au ya tano mguu wake ulizama mpaka pajani. Kisiki kilikuwa kimeungua chini kwa chini, mizizi ikageuka majivu, na juu ukabaki ukoko mwembamba uliofanana na ardhi nyingine yoyote. Hakuvunjika, ngozi tu ya muundi ilibaki humo. Tulimtoa watu watatu.

Mashimo ya namna hiyo hayaonekani. Ndiyo maana askari wa misitu anayetutangulia hukasirika mtu akitoka njiani hata kwa kwenda haja. Na njia ikiwa na tope, pita katikati ya tope. Tukilikwepa kushoto, na wa kesho akilikwepa kulia, mwisho wa mwaka tuna barabara ya lori mahali palipokuwa na ujia wa mbuzi. Wenyeji wa Kinangop huvaa gambuti na kumaliza mjadala, huku sisi wa mjini tukilinda viatu vya elfu kumi.

"Umeshazimwa, basi umezimika"

Moshi ukiisha kuonekana kutoka barabarani, watu huhesabu kwamba kazi imekwisha. Udongo wa nyanda za juu, hasa kandokando ya vinamasi, una tabaka nene la mizizi na majani yasiyooza upesi kwa sababu ya baridi. Tabaka hilo likikauka, moto huweza kukaa ndani yake siku nyingi bila ulimi wa moto kuonekana, kisha upepo ukaufukua mahali pengine. Miti iliyokufa ikiwa imesimama nayo ni mtego. Hagenia kuukuu mara nyingi huwa na uwazi ndani, na moto ukishalala humo, tawi huanguka siku tulivu bila kutoa taarifa. Tafadhali msikae chini yake kula chapati, hata kama ndicho kivuli pekee.

"Wanyama wameisha"

Wako. Inchi chache chini ya ardhi joto la moto wa nyasi halifiki kwa nguvu, kwa hiyo fuko na jamaa zake huamka siku ya pili na kuendelea na shughuli. Wakubwa hukimbia mapema. Wanaoungua ni wanyonge wa mwendo, kinyonga, chura, kinda la ndege. Kinachopaswa kumhangaisha mpanda mlima ni kwamba nyasi changa zinazoota baada ya mvua ya kwanza ni tamu, na nyati anajua hilo kuliko wewe. Sehemu ambayo mwaka jana hukuona hata kinyesi, mwaka huu huenda ikawa na kundi. Nenda na mtu wa KWS, shirika la wanyamapori, au wa misitu mwenye silaha, na uache kumcheka akisimama ghafla kunusa hewa.

"Ni radi tu, au ni joto la dunia"

Joto na ukame huandaa kuni, sibishi. Lakini radi ya kwetu kwa kawaida huja na mvua yake. Anayeleta kiberiti mara nyingi ni mtu: mrina asali anayefukiza nyuki, mchungaji anayetaka majani mapya, mchoma makaa, mtega wanyama, na ndiyo, mtalii. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020, mamlaka za Tanzania zilieleza mwanzoni kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipashia wageni chakula. Watu kama wanaotubebea sisi. Jiko dogo la gesi kwenye nyasi kavu wakati wa upepo halina tofauti na kiberiti.

Uzio wa umeme ulioizunguka Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi na uliokamilika 2009 baada ya miaka ishirini ya ujenzi, hupunguza wanaoingia kukata miti na huwazuia ndovu wasifike kwenye viazi vya watu. Moto hupita chini yake.

"Twendeni tukapande miti"

Nia njema. Tangu serikali itangaze lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na hasa tangu ile siku ya mapumziko ya Novemba 13, 2023, kila kikundi kinataka picha kikiwa na mche. Ila nyanda za juu hazikuwa na miti hiyo tangu mwanzo. Ukipeleka msonobari au mkaratusi mahali pa nyasi za mashungi, hujarudisha kitu. Umeleta mgeni mwenye kiu na mafuta ya kuwaka. Pale juu kazi bora mara nyingi ni kuondoka na kufunga mlango. Chini, kwenye ukingo wa msitu wa asili ulioungua, miche ya kienyeji kutoka kwa vikundi vya jamii vinavyotunza msitu huo ina maana, mradi kuwe na mtu atakayerudi kuipalilia mwaka wa pili. Picha haipalilii.

"Ulikuwa msitu ambao mtu hajawahi kuugusa"

Hapa wazee wangetucheka. Hifadhi ya taifa ya Aberdare ilitangazwa mwaka 1950, na miaka miwili baadaye ikaja Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi ndani ya Nyandarua hii, jina jingine la Aberdare, wakala humo, wakazikana humo. Ndege za Uingereza ziliudondoshea msitu mabomu. Wanavijiji wa chini walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu ili chakula kisiwafikie vijana wao. Treetops, hoteli ya juu ya mti ambako Elizabeth alikuwa Februari 1952 baba yake alipofariki akawa malkia, ilichomwa moto na wapiganaji mwaka 1954. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu huu Oktoba 1956. Kwa hiyo unapoona shina jeusi, usidhani ndilo jeraha la kwanza. Pengine mti huo ulikuwa mche wakati moto mwingine unapita.

Safari yetu ya mwisho tulirudi jioni, masizi yametupaka kuanzia kiatu hadi kiunoni. Tulisimama Soko Mjinga kununua viazi na karoti, kama kawaida. Mama mmoja alitutazama kutoka nyuma ya rundo lake, akatikisa kichwa.

"Wanangu, makaa mnauza gunia pesa ngapi?"

Yule wa shimo la pajani ndiye aliyecheka mwisho.